Matroni na Swali la Langoni

Kitu cha kwanza alichokigusa Matroni akiingia katika zahanati yoyote kilikuwa sabuni. Hakusalimu kwanza, wala hakuuliza msimamizi yuko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye karai la kunawia, akaweka kidole juu ya kipande cha sabuni, kisha akakitazama kile kidole. Sabuni ikiwa na utelezi, aliguna na kuendelea na mambo mengine. Ikiwa kavu, imepasuka na kushika vumbi, alijua imewekwa kwa ajili ya wageni. "Hii ni sabuni ya harusi," alikuwa akisema, na hapo ujue siku yako imeharibika.

Nilimfahamu karibu miaka yote ya tisini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati za mashambani, upande wa Homa Bay na upande wa Migori, kupima kama wagonjwa wanatibiwa inavyostahili. Kila mtu alimwita Matroni, hata wavuvi wa Karungu ambao hawakujua neno hilo maana yake nini. Mimi nilikuwa muuguzi msimamizi wa zahanati ndogo si mbali na Karungu. Mimi ni Mkuria, nyumbani kwetu ni karibu na mpaka wa Tanzania, na serikali ilikuwa imenipeleka kufanya kazi kati ya Wajaluo. Kikuria yeye hakukijua, na Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni, cha kununulia omena, wale dagaa wa ziwani. Kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili miaka yote hiyo.

Ofisi ilimpa Land Rover na hakuitaka. Alisema gari la serikali lina mdomo. Likiwa bado kilima cha pili, watu wameshavaa makoti meupe, wameshafagia, na yule aliyekuwa amelala ameamka na kushika kalamu. Yeye alipanda lori la samaki mpaka soko la karibu, akashuka, akamalizia kwa miguu. Alivaa raba nyeupe zilizogeuka rangi ya udongo, akabeba kikapu cha mkonge, na saa yake aliibana kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu, ili aweze kuisoma akiinamia mgonjwa. Mara nyingi alijifunga leso kichwani na kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Ungeweza kumpita mara tatu asubuhi hiyo ukidhani ni nyanya ya mtu fulani amekuja na kikohozi chake. Mara ya nne ungekuta ameandika kwenye daftari lake dakika ulizompita.

Katika kikapu hakukosa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ndani ya bakuli la bati lililofungwa kwa kitambaa. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha mchana popote alipokuwa. Huku kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na kumkataa kuku ni kumtukana mwenye nyumba na kuku mwenyewe. Matroni aliwakataa wote. "Nikila kuku wako," aliniambia mara ya kwanza, "kalamu yangu itashiba kabla yangu." Yule niliyekuwa nimemchinja nilimla mwenyewe siku mbili, kwa hasira.

Lakini nenda kwake Rangwe uone. Niliwahi kupita kwake Jumapili moja, nikiwa na haraka, na sikuachiliwa mpaka nikala paja, kidari na firigisi. Nilipomkumbusha habari ya kalamu na kushiba, alisema hapo yeye hakaguliwi na mtu, nile ninyamaze.

Hakuandika kwa penseli hata siku moja. Ofisini walimsihi atumie penseli ili makosa yaweze kurekebishwa kabla ripoti haijapanda juu. Alikataa. "Penseli ina jamaa wengi," alisema. "Leo anakuja binamu, kesho anakuja shemeji, mwisho sifuri inakuwa nane." Aliandika kwa kalamu ya wino wa buluu, katika daftari la shule alilolipiga mistari mwenyewe kwa rula, na akikosea alikata mara moja na kuweka sahihi pembeni, ili kosa lenyewe lionekane. Nilimchukia kwa ajili ya daftari lile, halafu nikaja kulipenda kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa. Hayo yote nitayafikia.

Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja kwa sababu mwenyewe bado ni rafiki yangu, alikuta karatasi ya friji ya chanjo. Karatasi hiyo hujazwa asubuhi na jioni, unaandika nyuzi za joto ili ijulikane chanjo haijaharibika. Ilikuwa tarehe kumi na tisa. Karatasi ilikuwa imejazwa mpaka tarehe thelathini, mwandiko mzuri, kila siku nyuzi nne. Matroni hakupaza sauti. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama yule muuguzi kama mtu anayetaka kujifunza.

"Nisaidie, ndugu," akamwambia. "Kesho kutwa kulikuwa na joto gani?"

Yule rafiki yangu mpaka leo akisimulia hufunika uso. Lakini ukimuuliza leo friji yake ina nyuzi ngapi, atakuambia ngoja, ataenda kuangalia, na ataenda kweli.

Aliogopa maji. Mtu aliyezaliwa na kuzeekea karibu na ziwa namna hiyo, na bado akiona mtumbwi wa injini ananyamaza kama aliyefiwa. Zahanati za kisiwani Mfangano zilikuwa kwenye orodha yake, na kila mtu alidhani atazipa kisogo, kwani wengine walikuwa wamezipa kisogo bila hata ya kuogopa maji. Yeye alikwenda kila robo ya mwaka. Alikaa chini kabisa ndani ya mtumbwi, kikapu mapajani, macho kafumba, akiuliza kila baada ya muda kama kisiwa kimesogea. Nilikwenda naye mara moja. Nilimwambia hakuna atakayemlaumu akituma mtu mwingine.

"Mgonjwa wa Mfangano amenikosea nini?" aliniuliza, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Apate huduma mbaya kwa sababu mimi naogopa maji?"

Tulipofika alitapika kando ya mawe, akasukutua, akaenda kugusa sabuni.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi wa pilipili, na alikuwa na ile tabia ya kudai upole kutoka kwa watu huku yeye mwenyewe akiwafokea. Siku moja alinisuta mbele ya benchi zima la akina mama kwa sababu nilikuwa nimempima mtoto uzito bila kumvua sweta. Alisema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka masikio yanapata moto. Niliporudi chumbani nililia. Jioni hiyo aliondoka bila kuniaga.

Alhamisi iliyofuata alirudi, na haikuwa zamu yetu. Alikuwa amekuja kutoka Rangwe, kwa kubadilisha magari matatu, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ya kliniki ya watoto, na akina mama wale wale wangekuwepo. Alisimama mbele ya benchi akawaambia kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba wiki iliyopita alimkosea sista wao. Kosa la sweta lilikuwa kweli, akasema, lakini mahali pa kulisema hapakuwa pale. Akaniomba radhi. Halafu akaketi, akatoa nyoyo zake, akala. Sijaona mkubwa mwingine wa serikali aliyefanya hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Zahanati yetu haikuwa na ruhusa ya kuzalisha. Mama mjamzito alipaswa kwenda hospitali kubwa, na hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya Mto Kuja. Wakati wa kiangazi mto huo unauvuka ukizungumza na mwenzako. Mvua ndefu zikishuka, unajaa siku kadhaa na hauvukiki. Wanakijiji walichoka. Walibeba mawe, wakachoma matofali, wakajenga chumba cha kujifungulia nyuma ya zahanati, chenye dirisha kubwa na mlango mpana. Tukapata kitanda. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Matroni kwamba zahanati inafaa kufanya kazi hiyo. Bila sahihi hiyo mlango ulibaki na kufuli, na ufunguo ulikaa kwake.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Kabla yake walikuja wakaguzi wengine wawili, na wote waliwauliza akina mama swali moja: je, mmeridhika na huduma? Akina mama wote, bila hata mmoja kusitasita, walisema wameridhika. Nilipewa cheti. Nilikitundika ukutani mahali ambapo mtu akiingia hawezi kukikosa. Matroni alikipita kana kwamba ni kalenda ya mwaka jana.

Siku hiyo ya kupimwa sabuni yangu ilikuwa na utelezi wa haki. Friji ilikuwa na nyuzi zake. Sindano zilichemshwa muda wake. Aliandika, akaandika, na nilipochungulia niliona alama nzuri. Halafu akachukua kikapu chake akatoka nje. Nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa amekwenda kukaa kwenye jiwe pale langoni, kando ya ua wa minyaa, mahali ambapo kila mama lazima apite akienda nyumbani. Nilikuwa dirishani nikitoa dawa, na upepo ulileta kila neno.

Mama wa kwanza alitoka na mtoto mwenye homa. Matroni alimsalimu, akamshika mtoto, akamsifia mashavu.

"Daktari amekuhudumia aje?"

"Ber ahinya," akasema yule mama. Vizuri sana.

"Sawa. Sasa tufanye mimi ni mama mkwe wako. Wewe unaenda kulima, mimi umeniachia huyu mtoto. Nipe hizo dawa, unionyeshe nitampatia aje."

Yule mama alicheka, akaziba mdomo kwa mkono, halafu akaacha kucheka. Mama mkwe si mtu wa kuambiwa ovyo ovyo. Alifungua kile kikaratasi. "Hii nusu... ni ya leo. Halafu kesho... kesho ni vile daktari alisema."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema vizuri."

Nilishika dirisha. Nilikuwa nimemwambia yule mama kila kitu: vidonge vingapi, siku ngapi, na kwamba mtoto atawashwa mwili lakini asiache dawa. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa haraka kidogo, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Naye aliitikia kwa kichwa kila nilipopumua. Niliona kichwa kinaitikia nikaridhika.

Walipita tisa. Kila mmoja alisema ber ahinya. Kila mmoja alifanywa mkwe. Wawili tu ndio walioweza kumweleza yule mama mkwe wa uongo namna ya kumpa mtoto dawa. Mmoja alikuwa na mpango wa kutupa vidonge vyote mtoto akianza kujikuna.

Matroni aliporudi ndani aliniandikia sifuri kwenye mstari wa mwisho na kusema hatatia sahihi.

"Lakini wote wamesema wamehudumiwa vizuri," nilimwambia. "Umesikia mwenyewe."

"Hiyo ilikuwa salamu, binti. Mtu amekula kwako, anaondoka, unamuuliza kama chakula kilikuwa kitamu, unataka akuambie nini? Tazama alichobakiza kwenye sahani."

Nilimsihi. Mimi si mtu wa kusihi, lakini nilimsihi. Nilimwambia mvua zimekaribia, mto utajaa, kuna wanawake sita ninaowajua kwa majina ambao siku zao zitawakuta katikati ya mvua. Kuna mmoja hasa, Akinyi, mke wa fundi baiskeli, ambaye mimba iliyopita alitokwa damu nusura tumpoteze. Kitanda kipo, chumba kipo. Anipe sahihi, hayo ya kueleza nitarekebisha tukiendelea.

"Na akitoka damu hapa, utamwambia arudi akiona nini?" aliuliza. "Na ataelewa nini? Ataitikia kwa kichwa. Ooyo. Hapana. Nitarudi baada ya miezi mitatu."

Akaweka ufunguo kikapuni akaondoka. Nilisimama mlangoni nikimtazama akipungua barabarani, na nilimwombea mabaya. Nasema wazi, maana ni kweli.

Hasira zile zilinifanya mjinga. Akinyi alikuwa amekuja kliniki wiki ileile, na nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu mwenyewe asingoje uchungu. Ahamie kwa jamaa zake ng'ambo, karibu na hospitali, kabla mvua hazijaanza. Aliitikia kwa kichwa. Baada ya mambo ya langoni, mtu mwenye akili angemfuata nyumbani akamuulize swali la mama mkwe. Nilijua njia ya kwake, ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda, kwa sababu nilikuwa nimenuna, na aliyenuna haendi kufanya alichofundishwa na aliyemnunisha.

Mvua zilianza. Asubuhi moja, kama saa nne, fundi baiskeli alikuja mbio bila viatu. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, wakaenda mtoni, mto hauvukiki, na sasa amelala ukingoni. Nilichukua mkoba wangu nikakimbia. Nilimkuta kwenye karatasi ya nailoni, chini ya mwavuli mmoja ulioshikwa na mama wawili, na maji ya Kuja yakipita pale yakiwa mekundu na miti mizima ndani yake. Mtoto alizaliwa salama, msichana. Halafu damu ikaanza, kama nilivyojua itaanza.

Nilimkanda tumbo mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Nilimchoma sindano niliyokuwa nayo, moja tu. Tulimbeba mpaka zahanati kwenye kiti, nami nikitembea kando nikiendelea kukanda, na tulipofika nilichukua jiwe nikavunja kufuli la chumba kipya. Akinyi akawa wa kwanza kulala kwenye kile kitanda. Alipona. Ilichukua siku mbili kabla sijaamini.

Siku ya tatu Matroni alifika, habari zikiwa zimemfikia, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilitaka kumuonyesha kufuli lililovunjika na kumuuliza kama hilo nalo lina mstari kwenye daftari lake. Alilishika lile kufuli, akaligeuza. Halafu akaingia, akaketi kando ya kitanda, akamshika Akinyi mkono.

"Sista alikueleza juu ya kwenda hospitali?"

"Alinieleza, mama. Ber ahinya."

"Nifanye mimi ni mama mkwe wako. Niambie vile alisema."

Akinyi alifikiri. Alikuwa bado mweupe midomoni. "Alisema niende hospitali."

"Lini?"

"Nikianza kuumwa."

Sikuwa na mahali pa kutazama. Nilitazama dirisha kubwa ambalo wanakijiji walikuwa wamejivunia. Matroni hakunigeukia. Alitoa daftari, akaliweka juu ya goti.

"Nusu ya kosa ni yangu," alisema. "Mimi ndiye nilifunga mlango na nikajua mvua inakuja. Nusu ni yako. Huyu Akinyi hana hata robo." Na akaandika hivyo, kwa wino, jina lake juu na langu chini. Halafu akasema jambo lililonishangaza zaidi, kwamba chumba bado hatatia sahihi kifunguliwe, lakini ufunguo mpya nikae nao mimi, na mto ukijaa nisingoje kuomba ruhusa ya mtu.

"Kwa huruma sitafungua," alisema. "Tukifungua kwa huruma, tutazalisha kwa huruma. Tutafungua mkishajua kueleza."

Akaanza kuja kila Alhamisi. Alinikalisha na Min Otieno, mama mzee aliyekuwa akifagia zahanati, akasema kuanzia sasa huyu naye ana kazi nyingine. Mimi nieleze, Min Otieno aseme kwa Kijaluo, na mama mwenyewe arudishe. Asiyerudisha haondoki. Benchi lilijaa mpaka nje, watu wakanung'unika, nami nikanung'unika pamoja nao. Wiki ya pili nilitaka kuacha. Wiki ya tano nilimsikia mama mmoja barabarani akimweleza mwenzake namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, kipimo kwa kipimo, na nikajificha nyuma ya ua ili nimalize kumsikiliza. Mwaka haukuisha kabla Matroni hajakaa tena kwenye jiwe lake. Walipita tisa, nane wakaweza. Alitia sahihi juu ya goti lake palepale langoni, akanikabidhi daftari nisome, na hakunipongeza. Alisema tu huyo wa tisa nimfuate.

Nilimfuata. Na mtoto wa Akinyi aliyefuata alizaliwa ndani.

Kuna jambo moja ambalo hakuwahi kulipima, nalo ni yeye mwenyewe. Alibeba kifaa cha kupimia presha katika kile kikapu miaka yote, akakagua vya wengine kama vinasoma sawasawa, na nilipomwambia nimpime alisema ana haraka. Alistaafu hivyohivyo. Ofisi ilimfanyia sherehe ndogo. Nasikia aligusa sabuni ya ukumbi.

Mara ya mwisho nilimuona mwisho wa miaka hiyo ya tisini. Nilikuwa nimeshinda asubuhi nzima katika chumba cha kujifungulia na mama wa mapacha, na mbele, kwa wagonjwa, nilikuwa nimemwacha muuguzi kijana aliyetoka chuoni, msichana mzuri, mpole, asiyejua kufoka. Mapacha walipotulia nilitoka nje kupata hewa. Nikaona bibi mmoja mwenye leso kichwani anatembea polepole kuelekea langoni, na raba nyeupe.

Nilimkimbilia. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Aliniambia amekuja Karungu kukaa na dada yake mdogo, mjane, na presha imemshika, ikabidi aje kutafuta dawa kama watu wengine. Alikuwa ameketi kwenye benchi langu tangu asubuhi na mimi sikujua. Mkononi alikuwa na bahasha mbili ndogo za dawa.

"Wamekuhudumia aje, Mama?" nilimuuliza.

"Ber ahinya," akasema. "Msichana wako ana heshima. Ameniita dani." Yaani nyanya.

Nilifurahi. Kwa kweli nilifurahi kama mtoto, na tulikwenda hatua mbili tatu pamoja. Kisha tukafika kwenye lile jiwe, na miguu yangu ikasimama.

"Mama," nikasema, "tufanye mimi ndiye nimebaki na wewe nyumbani. Nipe hizo dawa, unionyeshe nitakupatia aje."

Alinitazama kwa lile jicho zima. Akafungua kiganja. Akainua bahasha moja, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akaigeuza. Maandishi yalikuwa madogo, ya penseli.

"Hii ni ya asubuhi," alisema. Akainua ya pili. "Hii nyingine ni ya jioni, nadhani."

Nadhani. Neno ambalo kwa miaka yote hiyo, likitoka mdomoni mwa mama yeyote pale langoni, alilipa sifuri.

"Kwa nini hukumwambia huoni?"

"Alikuwa amechoka," alisema. "Na amenisalimu vizuri. Nimeona haya." Akatazama chini, yule aliyewahi kuwafanya mabwana wakubwa watazame chini. "Kumbe ni rahisi hivi kuitikia. Sikujua ni rahisi hivi."

Macho yangu yalijaa, na sikutaka ayaone, ingawa pengine asingeyaona. Sikumfariji. Kumfariji kungekuwa kumpa yeye naye salamu. Nilikuwa na daftari mfukoni mwa koti, daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, kwa maana tangu alipostaafu yeye hapakuwa na mtu wa kuja kutupima na nilikuwa nimeanza kujipima mwenyewe. Nililiweka juu ya jiwe, nikatafuta mstari wa mwisho, nikaandika.

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Sifuri."

"Jina la nani?"

"Langu. Mimi ndiye msimamizi."

Aligusa ukurasa kwa kidole, pale nilipoandika, kama alivyogusa sabuni zetu zote, kisha akakileta kidole karibu na jicho lake zima. Kilikuwa na doa la buluu.

"Ni wino," alisema. Akakunja bahasha zake, akanishika mkono, akageuka kurudi kwenye benchi kuelezwa upya.